Uso wa Siku ya Kwanza

9 Februari

Mdogo wangu,

Pokea salamu nyingi kutoka huku. Sisi hatujambo. Wapwa zako wanakua: mkubwa ameanza kuvaa viatu vyangu bila kuomba ruhusa, na mdogo ameng'oka meno ya mbele, akitaja jina lake mwenyewe unasikia upepo. Shemeji yako anakusalimu. Mimi bado nakata vitambaa vya sare pale kiwandani, na msimu huu ni wa sare za shule, kwa hiyo hata nikifumba macho naona kola.

Sasa tuache salamu. Nimepiga simu yako mpaka nimechoka, na kila mara anapokea Baba Mdogo. Namuuliza hali yako, ananijibu unaendelea vizuri. Namwomba akupe simu, anasema umelala. Umelala tangu Januari? Nikamuuliza umeumiaje, akasema uliteleza kidogo kazini. Mtu anayepaka rangi dari ya ukumbi wa mikutano anateleza kidogo kwa namna gani? Kutoka kule juu hakuna kidogo.

Juzi yule fundi bomba mliyekuwa mkifanya kazi pamoja alipita huku akanijulia hali. Nikamwambia namshukuru Mungu, mdogo wangu anaendelea vizuri. Akanitazama kama mtu aliyetegwa, halafu akaniuliza, "Dada, kwani hawajakwambia? Uso wake umelala upande mmoja." Fikiria habari ya ndugu yangu wa tumbo moja naipata kwa fundi bomba, tena nikiwa nimemaliza kumshukuru Mungu. Nilikasirika hadi kesho yake nikaharibu kitambaa cha watu.

Niandikie mwenyewe, kwa mkono wako. Usimwachie Baba Mdogo, maana nitaletewa karatasi nzima iliyoandikwa unaendelea vizuri.

Dada yako


21 Februari

Dada,

Nakusalimu kwa heshima zote, na wapwa zangu nawapa pole ya meno na ya viatu. Baba Mdogo hajambo, ila magoti yanamsumbua. Paka wake amezaa ndani ya kapu la nguo zangu na amekataa kabisa kuhamishwa, kwa hiyo nguo safi nazipata kwa idhini ya paka.

Simu siipokei kwa sababu sikio la kulia halisikii na midomo haifungi. Herufi zote zinazotaka midomo ikutane zinanitoka pembeni kama tairi inayovuja. Sikutaka unisikie hivyo. Kalamu haihitaji mdomo, basi nakuandikia.

Ngazi iliteleza. Nilikuwa juu kabisa namalizia kona ya dari. Sakafu ya ukumbi ule inang'arishwa kwa nta, na tulimwomba msimamizi tupigilie mbao za kuzuia miguu ya ngazi, akakataa, akasema tutamwachia mikwaruzo. Sakafu yake ni nzima mpaka leo.

Mimi fuvu limepata ufa, hapa nyuma ya sikio. Ndani ya mfupa huo, wanasema, unapita mshipa wa fahamu unaoendesha upande mzima wa uso. Nilipozinduka hospitalini damu ilikuwa imekauka sikioni. Nesi akaninywesha maji kwa kikombe, yakamwagika yote kifuani. Nilidhani kikombe kimetoboka, nikaomba kingine, nacho kikamwagika.

Basi ndivyo nilivyo sasa. Jicho la kulia halifumbi, nikitaka kulala nalibandika plasta lisikauke likapofuka. Shavu limening'inia. Nikitabasamu, nusu moja inatabasamu na nyingine inaendelea na shughuli zake. Lakini usiwe na wasiwasi sana. Daktari wa masikio amesema kwamba kama uso ungekufa pale pale nilipoanguka, ingekuwa dalili kwamba mshipa umekatika au umebanwa na mfupa, na wangenipasua mapema. Kwa kuwa ulilegea baadaye, baada ya siku kadhaa, mshipa umevimba tu na utarudi wenyewe. Kwa hiyo tunasubiri.

Kipenga changu kipo juu ya meza. Nimejaribu kukipuliza, kikatoa mate. Mechi za Jumamosi wamempa yule refa anayeogopa wachezaji.

Mdogo wako


2 Machi

Mdogo wangu,

Hatujambo. Salamu zimeishia hapo.

Nimeisoma barua yako mara ya kwanza nikalia, mara ya pili nikaacha kulia. Umeandika kwamba ulipozinduka maji yalimwagika kifuani. Mistari michache chini yake umeandika daktari anasema uso ulilegea baada ya siku kadhaa. Hayo mawili hayakai chumba kimoja. Vikombe vya hospitali havikuwa vimetoboka, bwana mdogo. Kilichokuwa hakifungi ni mdomo wako, siku ile ile.

Nani alimwambia daktari kwamba ulilegea baadaye? Usinijibu. Sauti yake naijua, ndiyo inayonipokelea simu.

Nijibu hili tu: siku ya kwanza uso wako ulikuwaje?

Dada yako


15 Machi

Dada,

Salamu. Barua yako imenikuta nimeketi kivulini nyuma ya nyumba, maana jua linaniumiza jicho. Paka amehamia kapu la Baba Mdogo, kwa hiyo nimerudishiwa mashati.

Siku ya kwanza uso ulikuwa umekufa. Umeniuliza, nimekujibu.

Lakini umsikilize na Baba Mdogo upande wake. Watu walianza kuja jioni ile ile, majirani, wapaka rangi wenzangu, timu mbili nzima za mpira pamoja na wale niliowahi kuwatoa uwanjani. Yeye alisimama mlangoni mwa wodi akiwapokea. Kila aliyeuliza aliambiwa hajambo, anaendelea vizuri, hata ametabasamu. Ulitaka awaambie nini? Mtu akiulizwa hali ya mgonjwa haanzi kumsomea vidonda. Ndivyo tulivyolelewa wote. Mimi mwenyewe, nina bandeji kichwa kizima, nesi aliponiuliza naendeleaje nilimjibu sijambo.

Siku zile za mwanzo walionishughulikia walikuwa madaktari wa kichwa, wanahangaika na damu ndani ya fuvu, uso hakuna aliyeuangalia. Yule wa masikio alikuja baadaye, saa ya kuona wagonjwa, wodi imejaa watu. Akauliza uso ulianza kulegea lini. Alimuuliza Baba Mdogo, kwa sababu madaktari humuuliza aliyesimama, aliyelala wanampima tu. Baba Mdogo akatazama wale watu wote aliokuwa amewaambia nimetabasamu. Akasema, "Siku ya kwanza alikuwa hajambo kabisa."

Nilisikia kwa sikio langu moja nikanyamaza. Ningemwumbuaje mbele ya watu? Ndiye aliyetuchukua tulipobaki wawili. Wodini alilala sakafuni na magoti yale. Dawa ya jicho mpaka leo ananitia yeye, kwa mkono usiotetemeka.

Na nikwambie kitu kinachonichoma zaidi ya hicho. Ni hawa wanaokuja kuniambia nishukuru niko hai. Nashukuru. Lakini mbona wao hawatoi nusu ya nyuso zao wakashukuru? Jirani amenituliza kwamba mwanamume hahitaji sura. Msimamizi amesema nisirudi kazini mpaka nipone, nisije nikawashtua wateja. Ukuta haujali sura ya anayeupaka, na mimi nilianguka kwa ajili ya sakafu yake.

Halafu, Dada, shemeji yuko wapi? Zamani alikuwa anaongeza mstari mwishoni wa kuitukana timu yangu. Sasa salamu zake zinakuja kwa mwandiko wako, na mara hii hata hizo hazikuja.

Mdogo wako


24 Machi

Mdogo wangu,

Watoto wazima. Ya shemeji yako yaache yalivyo. Na kama unataka kuniuliza kwa nini siji huko kuyasema haya mwenyewe, hilo nalo liache. Siwezi kuja.

Nimewahi kukaa uwanjani nikakuona unamtoa nje beki mwenye mabega ya kabati. Mashabiki wake walikutukana, wakamtukana na mama yetu aliyekufa, wewe mkono juu, kadi nyekundu, hujatikisika. Leo umeshindwa na mzee mwenye magoti mabovu? Unaniambia ni heshima. Heshima gani inayomla mtu jicho? Siku ukiwa kipofu wa upande mmoja, atakapoulizwa atasema unaona vizuri, na wewe utaitikia.

Usidhani simpendi. Ndiye aliyenifundisha kushika mkasi, na mkate ninaokula leo umetoka kwenye somo lile. Lakini nimemkasirikia hadi usingizini namgombeza. Alikuwa na uso wako mbele yake, umeanguka, akaona bora auokoe wa kwake.

Na huyo daktari naye asidhani amepona. Mgonjwa yupo kitandani, macho wazi, moja hata kufumba haliwezi, yeye anamuuliza mpokea wageni. Ningekata suruali ya mtu kwa kupima kiuno cha jirani yake wangenifukuza kazi siku hiyo hiyo.

Fundi bomba alisema ulipokuwa unaongea naye ulifunika mdomo kwa mkono. Wewe, uliyekuwa unasikika uwanja mzima. Hilo ndilo lililoninyima raha kuliko yote.

Nenda ukaseme. Akiwepo Baba Mdogo, sema akiwepo. Wakiwepo watu, sema wakiwepo. Kila siku unayonyamaza, nyama ya shavu inazidi kusahau kazi.

Dada yako


10 Aprili

Dada,

Nimesema.

Samahani, sikuanza na salamu. Salamu.

Ilikuwa kliniki, chumba chembamba chenye dirisha moja, daktari nyuma ya meza, mimi kwenye kiti kinachozunguka, na Baba Mdogo amesimama nyuma yangu ameshika kofia. Hapakuwa na watu wengine, lakini mlango ulikuwa wazi na benchi la wanaosubiri limejaa, kila mtu anasikia. Daktari akasema muda umepita na haoni dalili, kwa hiyo anataka kuhakikisha. Akamtazama Baba Mdogo juu ya kichwa changu, akauliza kama ni kweli siku ya kwanza nilikuwa sijambo. Baba Mdogo akasema ndiyo, kabisa.

Nikazungusha kiti nikamgeukia. Nilikuwa nimejipanga kuomba radhi kwanza, kuanza na "samahani Baba Mdogo" na mengine ya adabu, na hayo yote yana herufi za midomo. Nikaona nitavuja mate mbele yake nikiomba ruhusa ya kusema kweli. Nikamrudia daktari.

"Si kweli," nikasema. "Siku ya kwanza sikuweza kunywa maji."

Daktari akaweka kalamu chini. Akaniuliza kwa ukali kwa nini sikusema tangu mwanzo. Hapo, Dada, ulinipanda mwilini. Nikamwambia hakuniuliza. Nikamwambia mgonjwa ni mimi, uso ni wangu, nilikuwepo siku ile, na tangu anijue hajawahi kunielekezea swali hata moja. Nimeongea kwa mate na upepo, benchi zima la nje limesikia, na sikufunika mdomo. Daktari akaanza kuigeuzageuza chupa ya matone ya jicho langu kama vile ndiyo yenye kosa. Halafu akasema nina haki ya kukasirika. Hilo nilikuwa nalijua.

Wakanipima kwa umeme. Wanagusisha karibu na sikio, shavu linatakiwa liruke. La kushoto liliruka. La kulia lilikaa kama ukuta. Daktari amesema tumechelewa ila mlango haujafungwa, na wamenipangia upasuaji mwanzoni mwa mwezi ujao.

Baba Mdogo alitoka kabla sijamaliza. Nilimkuta kwenye korido, ameketi, kofia magotini. Tangu siku ile haniongeleshi. Dawa ya jicho bado ananitia kila saa yake inapofika. Anakuja, ananiinua kidevu, anadondosha, anaondoka. Ningefurahi kama angenitukana.

Mdogo wako


22 Aprili

Mdogo wangu,

Mara hii sitaandika hatujambo.

Shemeji yako aliondoka mwanzoni mwa Januari, kabla hata hujaanguka. Nguo zake za kazi amechukua, za sikukuu ameacha, ili nisijue kama ameondoka au amesafiri. Salamu zake zote nilizokuletea nilizitunga mimi. Sikuja kwa sababu watoto sina wa kumwachia, na kwa sababu ningefika peke yangu na nyinyi mngeniuliza yuko wapi, nami ningesema hajambo.

Najua utakachosema. Ndiyo, neno ninalomgombezea Baba Mdogo nimelitumia mwenyewe kila nilipokuandikia. Lakini bado nimemkasirikia. Neno langu lilimpumbaza ndugu mmoja aliye mbali. La kwake lilikuacha kitandani ukisubiri mshipa uliokufa ujifufue wenyewe. Na shemeji yako nimemkasirikia, na daktari, na msimamizi wa sakafu. Nina hasira ya kumtosha kila mmoja na inabaki.

Soma sentensi yako mwenyewe: sikufunika mdomo. Nimewasomea wapwa zako kwa sauti.

Ukitoka upasuaji usiniandikie unaendelea vizuri. Niandikie kilichotokea.

Dada yako


20 Mei

Dada,

Nimefungua barua yako siku moja kabla ya upasuaji nikaingia chumba cha upasuaji nikimwaza shemeji, na kama dawa ya usingizi isingenishika mapema ningelitaja jina lake kwa namna mbaya. Nina hasira naye hadi upande wa kushoto wa uso umechoka kuibeba peke yake. Njoo na watoto. Hakuna atakayekuuliza lolote, nimeshaonya mpaka paka.

Kilichotokea ni hiki. Walinichana nyuma ya sikio, wakachimba mfupa kwa keekee ndogo kuliko zote nilizowahi kuona, mpaka wakaufikia mshipa. Kipande cha mfupa kilikuwa kimeuuma tangu siku niliyoanguka. Daktari amesema sehemu ile ilikuwa imekufa, hakuna kusubiri kungeifufua. Waliikata, wakachukua mshipa mwingine mdogo kando ya mguu, wakaushona pale katikati kama wewe unavyotia kiraka. Ubavu wa mguu sasa hauhisi kitu. Kwenye kope la juu wameingiza kipande kidogo cha dhahabu, kope linashuka kwa uzito wake na jicho linafumba. Mtu wa kwanza kumiliki dhahabu katika ukoo wetu ni mimi, na nimeificha mahali ambapo hakuna atakayeiazima.

Uso haujarudi. Huenda miezi mingi ipite, huenda ukarudi nusu, huenda usirudi, na kwa kuchelewa kule hakuna anayeahidi kitu. Nilimwuliza daktari kama tungesema kweli mapema ingekuwaje. Akasema asingependa kunijibu. Hilo ndilo lilikuwa jibu.

Baba Mdogo alikuwa nje ya mlango siku nzima. Alipoulizwa na watu hali yangu, nimeambiwa, alisema hajui.

Mdogo wako


3 Desemba

Dada,

Salamu kwako na kwa wapwa zangu, ambao tangu waje likizo paka anawatafuta uvunguni. Nimekaa kimya muda mrefu kwa sababu hapakuwa na la kuandika, na lile neno tumelipiga marufuku. Kila asubuhi nilikuwa nasimama mbele ya kioo nikiuamrisha uso, nao unanitazama tu.

Jumanne iliyopita alikuja yule jirani aliyesema mwanamume hahitaji sura. Akamuuliza Baba Mdogo habari zangu. Mimi niko pale pale nasafisha brashi za rangi, maana nimeanza kupata vibarua vya ndani ya nyumba. Na Baba Mdogo, ambaye tangu Mei alikuwa amejizuia, akasahau. Akasema naendelea vizuri sana, karibu nitapuliza kipenga.

Nilitupa brashi chini. Nikamwambia, "Baba Mdogo, mimi siendelei vizuri. Ungesema kweli siku ile pengine ningekuwa naendelea." Mbele ya mtu, Dada, mimi niliyeona aibu kumkanusha. Jirani akatafuta mlango.

Baba Mdogo akanigeukia kwa hasira ya kunifundisha adabu. Akafungua mdomo, akakwama. Akanisogelea kama ninavyosogelea ukuta wenye ufa.

"Umenibinulia mdomo?" akauliza.

Nikasema sijambinulia mtu mdomo, sina uwezo huo.

"Umenibinulia mdomo," akasema. "Huu wa kulia."

Akanivuta mpaka kwenye kioo. Akaniambia nikasirike tena. Nikamwambia siwezi kukasirika kwa kuagizwa. Akasema basi nimkumbuke alivyosimama mlangoni mwa wodi akiwaambia watu nimetabasamu. Ndiyo mara ya kwanza amelitaja. Nikakumbuka, na pembe ya mdomo, Dada, ikapanda. Kidogo, na ikatetemeka, lakini ilipanda. Yeye alikaa kitandani kwangu akafunika uso kwa kofia, mabega yakimtikisika, na mimi sikumwambia anyamaze kwa sababu bado nilikuwa na hasira.

Sasa kila asubuhi baada ya matone ya jicho ananikalisha pale kiooni na kuniudhi. Anajua mengi ya kuniudhi. Kipenga bado kinatoa mate, paji la uso daktari amesema halitarudi, na muda tulioupoteza hakuna atakayeturudishia.

Jana tulikwenda kliniki. Daktari alifurahi, akashika kidevu changu, na mazoea ni mazoea, akamtazama Baba Mdogo juu ya kichwa changu akamuuliza uso ulianza lini kutikisika. Baba Mdogo akageukia dirisha.

"Mwenye uso huyo hapo," akasema. "Muulize."

Nikamwambia daktari siku ya kwanza ilikuwa Jumanne, na nilikuwa nimekasirika.

Mdogo wako